Ng'ombe wa Sita

Jina lake la ubatizo nalijua, lakini halitanisaidia hapa. Sijamsikia mtu akimwita kwa jina hilo isipokuwa mchungaji wetu, tena mchungaji alilitaja siku za kumfuta kanisani tu. Kwetu sote alikuwa Mpiga Obokano. Obokano ni kinanda cha Wagusii cha nyuzi nane, kikubwa kiasi kwamba mpigaji akikipakata unaona kichwa na miguu yake tu. Chake kilikuwa na sauti nzito ya kukoroma, kama fahali aliyeshiba. Ukikisikia kutoka ng'ambo ya bonde, miguu inakupeleka kabla hujaamua kwenda.

Alikuwa wa ukoo wetu, kwa hiyo nilimwita Tata, yaani baba, na binti yake Kemunto alikuwa dada yangu ingawa tulizaliwa nyumba mbalimbali. Nimejaribu mara nyingi kumsimulia mzee huyu kwa wenzangu, nikianza na nyimbo zake, nikianza na vichekesho vyake, na kila mara naishia mahali pamoja: kwamba alikuwa mtu aliyetakiwa kuchagua kati ya mdomo wake na binti yake. Nilikuwepo. Basi acha niandike nilivyoona, kwa Kiswahili changu cha darasa la saba.

Kwanza ujue alikoimbia. Miaka ile ya sitini, chai ilipokuwa bado ngeni upande wetu wa Nyamira, tulijengewa kibanda cha kuuzia majani juu ya kilima, nguzo nane na mabati juu. Siku za kuuza tulifika saa nane na vikapu mgongoni. Lori la kiwanda lilifika saa kumi, au saa kumi na mbili, au halikufika, kwa sababu barabara ilikuwa tope na mashimo. Majani ya chai hayajui kusubiri. Yakikaa sana kikapuni yanashika joto na kuwa mekundu, na karani akiyaona mekundu anayamwaga chini, hata kama mikono yako imekatika kwa kuchuma. Kwa hiyo tulikaa pale akina mama, wazee na vijana, kila mmoja akipepea majani yake na kutazama barabara. Mpiga Obokano naye alileta kikapu chake kama wengine, akakaa juu ya jiwe, akakaza nyuzi. Hakualikwa na mtu. Alisema, "Watu wanaosubiri ndio wanaosikiliza. Aliyeshiba husinzia."

Alikuwa na sheria zake katika kucheka watu. Siku moja nilijaribu kumfurahisha kwa kumwigiza karani wa kituo, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Nilichechemea vizuri sana, nakuambia, wasichana wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniita kando, akaniuliza, "Mguu ule alijipa mwenyewe?"

"Hapana, Tata."

"Na kidole anachoweka kwenye mizani?"

Karani alikuwa na mazoea ya kuegemeza kidole kwenye mizani wakati wa kupima, na hilo sote tulilijua.

"Alichopewa na Mungu kiache," akasema. "Mcheke kwa alichojipa." Kisha akainuka, akamwendea karani, akamsalimia kwa mikono miwili, akaanza kuimba juu ya kidole kilichonenepa kuliko mwenye nacho. Karani alicheka mpaka akatoa machozi, na tangu siku hiyo mikono yake ilikaa mgongoni sindano ya mizani ikitulia.

Usidhani alikuwa shujaa wa kila saa. Mbwa walimtisha kuliko askari. Alipenda sukari kama mtoto. Na chifu akipita, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua kofia, akainama vizuri, na ukimwuliza kwa nini anamwinamia mtu aliyemwimba juzi, anakukazia macho kama umetukana. "Kiti nakiheshimu," anakujibu. "Ninayemchunguza ni aliyekikalia." Sabato alikuwa kanisani, kiti cha mbele, kitabu cha nyimbo mkononi. Jumapili alikuwa kwenye harusi na obokano, kitu ambacho kanisa lilikiona cha ulevini. Alifutwa na kubatizwa tena mara tatu. Ubatizo wa tatu mchungaji alimshikilia majini muda mrefu kidogo, akatoka akikohoa na kusema, "Leo ulitaka kunizamisha mimi au obokano?" Hata wazee wa kanisa walicheka, wakajifanya wanafuta maji usoni.

Sasa habari za kuku.

Chifu wetu alitoka ukoo mwingine, ng'ambo ya mto. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, mwenye kumbukumbu kali ya majina, na alipokuita kwa jina lako ulisikia vizuri na vibaya kwa pamoja. Mwaka mmoja alitutangazia kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka Nairobi, na kila boma litoe kuku. Tulitoa. Watoto wa shule walifagia njia, tukasimama kando tangu asubuhi tukiwa na maua mkononi. Mgeni hakuja. Kuku nao hawakurudi. Watu walinung'unika siku mbili wakaacha, maana kuku mmoja ni nini?

Siku ya kuuza majani iliyofuata, Mpiga Obokano alipanda kilima na tenga tupu la kuku kichwani. Akaliweka juu ya jiwe lake, akalivulia kofia, akalipangusa vumbi.

"Karibu, mheshimiwa," akaliambia tenga. "Habari za Nairobi? Tulikungoja sana. Umeshiba?"

Akatega sikio. "Anasema hajashiba."

Watu wakaanza kucheka. Akachukua obokano, akaimba kuku wale mmoja mmoja. Jogoo mwekundu wa fulani, aliyewika kabla ya wenzake. Tetea mweusi wa fulani, aliyekuwa amelalia mayai. Yule asiye na manyoya shingoni wa mama yangu. Aliwajua wote, boma kwa boma, na baada ya kila kuku anainama kuuliza tenga, "Na huyu, mheshimiwa, alikuwa mtamu?" Mwanzoni tulicheka. Lakini wimbo ule ulikuwa mrefu. Ukaendelea na kuendelea, kilima chote kikaingia ndani yake, na kicheko kikaanza kubadilika, kikawa kizito. Mpaka siku ile kila nyumba ilidhani imepoteza kuku mmoja. Yeye alituonyesha kundi.

Mama yangu alitikisa kichwa njia nzima ya kurudi. "Kumbe walikuwa wengi hivyo," akawa anasema. "Kumbe walikuwa wengi hivyo."

Askari kanga, yaani askari wa chifu, walimjia kesho yake. Alikaa kambini kwa chifu siku mbili akifyeka nyasi. Aliporudi tulimzunguka kumpa pole, akatuambia nyasi za kule ni nzuri na askari ni watoto wazuri, maana walimwomba awapigie wimbo wa kuku, kwa sauti ya chini.

Hapo chifu alielewa kwamba panga la kufyekea nyasi halitamnyamazisha. Akatafuta kamba.

Lazima nieleze kitu kimoja kwa asiye wa kwetu. Sisi tuna chinsoni, ile haya na heshima inayotenganisha baba na mwana, mkwe na mkwe. Watoto wenu wakioana, ninyi wazazi mnakuwa korera, na korera hatajwi kwa mzaha. Huwezi kumwimba, huwezi kumwigiza, huwezi kucheka akijikwaa mbele yako. Ukifanya hivyo umejivunjia nyumba yako na ya mwanao, na hakuna mzee atakayekutetea.

Mtoto wa chifu alimpenda Kemunto. Nasema ukweli, alimpenda, wala hakuna aliyemtuma. Walikutana kwenye kwaya. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haya, na Kemunto akimtaja alikuwa akitazama pembeni. Chifu alilijua jambo hilo kwa muda mrefu na hakulitaka. Baada ya kuku, akalitaka sana. Akatuma wazee, wakaja wamevaa makoti, wakasema chifu yuko tayari kuleta ng'ombe watano, wote wazuri, hata kesho.

Mpiga Obokano aliwapa chai, akawaambia atajibu.

Kemunto ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Alimkuta babake ameketi uani, obokano kando yake, haigusi.

"Tata," akamwambia, "ukisema hapana, sitatoroka. Nitabaki hapa nichume chai, na wewe uimbe."

"Unampenda?"

"Nimeshasema sitatoroka."

"Sikuuliza hilo, mwanangu."

Kemunto akalia. Babake akamtazama, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho Kemunto alisema hajawahi kukisikia kwake. "Chifu huyu ana akili," akasema. "Mimi nilidhani anaweza kunifunga tu. Kumbe anaweza pia kunioza." Ng'ombe watano wakaja. Tulishangilia, tukala, na chifu alipoingia uani, Mpiga Obokano alisimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, akamwita korera.

Na akanyamaza.

Chifu hakuchelewa. Kulikuwa na siku moja kila juma ya kutengeneza barabara, kazi ya wote, bila malipo, na tulikuwa tumekubaliana kuanza na barabara ya kituo chetu ili lori lifike. Wazee wa mtaa wakaleta habari mpya: majembe yote yaende kwanza kwenye njia ya kwa chifu, ipanuliwe, ipitishe gari. Gari lenyewe alikuwa hajalinunua. Juma la kwanza tukaenda. La pili tukaenda. Huku juu kilimani majani yetu yalikuwa yanapata wekundu, karani anamwaga, na akina mama wanarudi nyumbani na vikapu vyepesi na nyuso nzito.

Walimgeukia Mpiga Obokano. "Imba basi!"

Alikaza uzi, akaulegeza.

"Mwacheni," mama yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "ng'ombe wa chifu wamelalia obokano." Wakacheka, na kile kicheko kilikuwa cha kumcheka yeye. Niliona aibu kwa niaba yake, nikajishughulisha na kikapu changu. Yeye aliinamisha kichwa. Wengine walisema amenunuliwa. Wengine walisema alikuwa anauza mdomo wake tangu zamani, ila bei ndiyo iliyochelewa. Maneno hayo yalimfikia yote, maana kilima ni kidogo, na akaendelea kuja, siku baada ya siku, na kukaa juu ya jiwe lake kimya.

Halafu siku moja alikuja bila obokano. Alikuwa na kamba ya katani shingoni, imefungwa fundo zuri kama la ndama, na ncha nyingine ameishika mwenyewe mkononi. Alipanda kilima akijivuta. Akifika kwenye nyasi, anainama kunusa. Watu wakaacha kupepea majani.

Askari kanga mmoja alikuwa amesimama karibu na mizani, kijana mchangamfu ambaye kila mtu alimpenda. Mpiga Obokano akamwendea, akamnyooshea ile ncha.

"Afande, hebu nishikie ng'ombe huyu kidogo, nipumzike."

Askari akacheka, akaishika. Hakufikiria. Nani angefikiria? Akasimama pale na sare yake, kamba mkononi, ncha nyingine shingoni mwa mzee, na sisi sote tunatazama. Nilimwona yule kijana anaitazama kamba, anamtazama mzee, anaanza kuelewa alichoshika, na hajui kama aiachie au aendelee kuishika.

Ndipo Mpiga Obokano akaimba, bila kinanda, kwa sauti yake kavu:

*Bomani kwangu waliingia watano,*
*nikawahesabu, nikafurahi.*
*Jirani alipohesabu alisema sita.*
*Wa sita ndiye aliyewahesabu.*

"Ng'ombe huyo anatoa maziwa?" mama yangu akapaza sauti.

"Anatoa kimya, mama," akamjibu. "Kimya kingi. Ndoo hazitoshi."

Sikusikia kicheko kama kile tena maishani. Kilianza kwa wanawake wa mbele, kikaenda nyuma, na ndani yake kulikuwa na watu wanaolia. Hakumtaja chifu hata kidogo. Alijicheka mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho, alivyofurahi kuhesabu, alivyokubali fundo, alivyozoea nyasi. Lakini kila mmoja wetu alipapasa shingo yake. Mimi nilikumbuka jinsi chifu alivyonisalimia kwa jina nilipokuwa na jembe begani, nikaona fahari, nikachimba njia yake kwa bidii. Nilikuwa nikidhani cheo kinatawala watu kwa kuwatisha. Siku ile niliona kwamba kinaweza kuwatawala kwa kuwapenda kidogo, kila mmoja kwa jina lake.

Siku ya kazi ya barabara ilipofika, mzee wa mtaa alisimama kwenye njia ya kwa chifu na kupuliza filimbi, na hakuja mtu. Majembe yote yalikuwa kilimani kwetu. Chifu alikuja mwenyewe kutazama. Akasimama ukingoni muda mrefu. Mpiga Obokano alikuwa mtaroni na jembe lake. Akalitua, akavua kofia.

"Umeamkaje, korera?"

Chifu angefanya nini? Korera hakamatwi kwa askari, korera hakemewi mbele za watu, na huyu hakuwa amemtaja. Chifu alipofunga ile kamba alisahau kwamba ncha ya pili ameishika yeye.

"Nimeamka salama," akasema. Kisha, "Endeleeni." Na akaondoka.

Ningependa kumaliza hapo, lakini ningekuwa nasema uongo. Kemunto alipokuja kusalimia nyumbani hakuketi. "Kule wananiita ndama," akamwambia babake. "Kila nikienda mtoni." Babake hakujitetea, hakusema ilikuwa kwa ajili ya barabara. Alisema tu, "Najua, mwanangu," na kwa msimu mzima wa mvua hakuimba popote, hata harusini. Ilichukua muda. Baada ya kupata mtoto wa kwanza, Kemunto aliniambia, tukiwa tumeketi na mtoto analala, "Angeweza kuwavua wakwe zangu nguo. Akavua zake." Sikujua kama alikuwa amesamehe au alikuwa anajifunza kusamehe. Nadhani ni kitu kimoja.

Mara ya mwisho kuketi naye ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Chifu alikuwa amestaafu. Mimi nilikuwa nimepata kacheo kadogo: katibu wa kikundi cha akina mama cha mabati. Kila mwezi walichanga, wakaezeka nyumba moja, na zamu zilipangwa kwa kura. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma vizuri, kwa hiyo kura niliziandika mimi, na orodha ilikaa kwangu. Niliipenda kazi ile. Niliota kijiji chote kinang'aa, ukikitazama kutoka mbali kule Mosocho unadhani ni ziwa.

Nilinunua sukari, nikaenda kumsalimia. Alikuwa amezeeka, mikono inatetemeka, obokano imetundikwa ukutani. Akafurahi kuniona, akanishika mkono bila kuuachia.

"Nasikia nyumba ya mama yako imeezekwa."

"Ndiyo, Tata. Mvua ilikuwa inamtesa."

"Vizuri sana. Zamu yake ilikuwa ya ngapi?"

"Ya pili," nikasema. Kisha, kwa sababu alikuwa bado ameshika mkono wangu, nikasema, "Ya tisa. Ya pili ilikuwa ya yule mjane wa kando ya mto. Niliwaambia nilikosea kuandika."

"Wakakubali?"

"Hawajui kusoma, Tata."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa bei ya kitu. Hakukasirika. Aliutazama ule mfuko wa sukari magotini pake, akaupima kwa mkono, na niliona kwamba aliitaka ile sukari kweli.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kukusalimu tu."

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "au unataka tuwe korera?"

Nilicheka, na nilisikia mwenyewe kicheko kilivyokuwa chembamba. Akanirudishia mfuko mkononi, akageuka, akamwita mke wake amshushie obokano. Mama yule akapanda kwenye kigoda, akaishusha, akaifuta vumbi kwa kanga. Mzee akaipakata, kikabaki kichwa na miguu, akaanza kukaza uzi wa kwanza.

Nikaaga. Nilipofika langoni alikuwa kwenye uzi wa tatu. Mjane anakaa mbali, chini kabisa kando ya mto, na njia inateleza. Nikaukumbatia ule mfuko wa sukari, nikaanza kukimbia, nifike kwake nimwambie ukweli kabla ya wimbo.